Picha ya "Profesa Yamamoto" haipimi stresi: uzi wa picha zilizotulia zinazoonekana kutembea

Mchapaji wa Makoroboi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Walioko kanda ya ziwa, mwangaluka.

Ile picha ya rangi rangi inayojizungusha yenyewe imerudi tena kwenye magrupu. Maelezo yake ni yaleyale: imechorwa na bingwa wa ubongo kutoka Japani, Profesa Yamamoto, ukiiona imetulia uko sawa, ikisogea taratibu umechoka, ikienda mbio una msongo mkubwa wa mawazo, tafuta msaada. Fowadi za namna hii huwa nazipita. Kilichonifanya nifungue uzi ni mteja aliyekuja na flashi kuchapa nakala za semina ya wafanyakazi. Kila mmoja apewe yake, aitazame, aandike anachokiona na jina lake, karatasi zirudi kwa bosi. Nikamuuliza, na atakayeandika "inazunguka" inakuwaje? Akasema hao wataitwa pembeni.

Nikachapa, maana hela ni hela. Karatasi ya kwanza ikatoka kwenye printa bado ina joto, nikaiweka mezani, na hapohapo ikaanza kujinyonganyonga. Haina betri wala intaneti, ni wino mkavu juu ya karatasi. Nikamwonyesha mteja nikamwambia: ingekuwa inapima stresi, basi hapa kibandani tungekuwa wagonjwa wote, mpaka kijana wangu wa kukata karatasi ambaye hata madeni hana.

Sasa ukweli wake. Mchoro ule ni wa Yurii Perepadia, mchoraji wa Ukraine. Aliuchora mwaka 2016 kwa programu ya Adobe Illustrator. Fowadi ilipoenea dunia nzima mwaka 2018, akajitokeza mwenyewe kusema kazi ni yake, kwamba Yamamoto hahusiki, na kwamba huenda profesa huyo hayupo kabisa. Mbinu aliyoitumia ndiyo ya Mjapani, ila ni Mjapani mwingine: Akiyoshi Kitaoka, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, Kyoto. Kitaoka ndiye aliyechora mwaka 2003 ile picha ya nyoka waliojikunja kwenye miduara, ambayo wengi mmeiona hata kama hamjui ni ya nani.

Jaribuni haya halafu mje tubishane. Chagueni nukta moja katikati ya duara moja, muikodolee bila kuhamisha macho. Duara lile linatulia, na mkivumilia hata majirani zake wanapoa. Halafu rukeni macho kwenda pembeni: yote yanaanza upya. Duara unalolitazama moja kwa moja ndilo linalotulia kuliko yote, yanayocheza ni yale ya pembeni ya jicho. Msongo wa mawazo gani huo unaohama kila unapohamisha macho?

Naomba kuwasilisha.

Kaka wa Igoma

Nimeweka siti ya mbele. Kwangu inakimbia vibaya mno, nilikuwa nimeshaanza kumtafuta mchungaji.

Haijasogea

Mimi haisogei kabisa. Nimeizungusha simu, nimevaa miwani, nimevua. Mnadanganyana tu hapa. Chai.

Mwalimu wa Nyegezi

Haijasogea, usiite chai haraka. Mambo mawili kwanza. Simu yako ukiishika mbali, picha nzima inaingia katikati ya jicho, na mwendo huu unaishi pembeni ya jicho. Isogeze karibu, au ifungue kwenye skrini kubwa, kisha tembeza macho juu yake kama mtu anayesoma. La pili, kuna watu ambao haiwaendei hata wakifanya yote hayo, na si ugonjwa. Watafiti Fraser na Wilcox walipoandika habari za mwendo wa namna hii mwaka 1979, tayari walikuta si kila mtu anauona. Na wenye umri mkubwa huuona kwa udogo kuliko vijana. Sasa fikirieni hicho kipimo cha stresi: bibi yako aliyebeba matatizo ya ukoo mzima anatoka "mzima", mjukuu aliyeshiba anatoka "mgonjwa".

Mchapaji kaeleza picha ni ya nani, mimi nieleze inavyofanya kazi. Chukueni ile ya nyoka, mvute karibu mpaka mwone kipande kidogo. Mtakuta rangi nne zinafuatana bila kubadili zamu: nyeusi, bluu, nyeupe, njano, kisha nyeusi tena. Kazi yote inafanywa na zamu hiyo. Igeuze picha iwe nyeusi, kijivu kilichokoza, nyeupe, kijivu chepesi, na bado itatembea. Inatembea kutoka nyeusi kwenda bluu, na kutoka nyeupe kwenda njano. Mchoraji akipanga zamu kinyume, nyoka naye anageuza njia.

Kwa nini? Nyeusi na nyeupe zinajitenga sana na wastani wa mwanga wa picha, bluu na njano zinajitenga kidogo. Seli za jicho na ubongo huwahi kuitikia chenye tofauti kubwa, chenye tofauti ndogo huchelewa. Chukua watu wawili wanaotoka Mwaloni Kirumba dakika ileile kuleta habari mjini, mmoja kwa bodaboda, mwingine kwa miguu. Wewe uliyekaa mjini hukuwaona wakiondoka. Unachojua ni kwamba mmoja kafika kwanza, mwingine baadaye, basi unadhani na waliyoyaona yalifuatana. Ubongo uko hivyohivyo: habari ya nyeusi imefika, halafu ya bluu iliyo jirani yake. Kitu kilikuwa hapa, sasa kiko pale. Basi kimehama! Na kwa kuwa kitu kinachotembea kweli huleta habari zake kwa mpangilio huohuo, seli za mwendo hazina namna ya kutofautisha. Bevil Conway na wenzake, Kitaoka akiwemo, walichapisha mwaka 2005 vipimo vya seli za ubongo wa kima: walipowaonyesha jozi za vipande vya mwanga tofauti vilivyotulia, seli za mwendo ziliitikia kana kwamba kuna kilichosogea.

Na hilo la kutulia ukikodoa? Habari inakuwa na nguvu picha inapoingia upya kwenye jicho. Mwaka 2012 Jorge Otero-Millan, Stephen Macknik na Susana Martinez-Conde waliwapa watu kitufe cha kuonyesha mwendo unapoongezeka na unapopungua, huku mashine ikifuatilia macho yao. Mwendo ulikuwa unaongezeka baada ya jicho kupepesa au kuruka kidogo. Miruko hiyo ni midogo mno, wewe mwenyewe huisikii. Jicho linaifanya hata unapoapa kwamba umelituliza.

Haijasogea

Nimeiweka kwenye luninga ya sebuleni. Sitaki kuongea.

Kaka wa Igoma

😂😂😂 Pole mkuu, karibu kwenye stresi.

Mjukuu wa Sengerema

Ofisini kwetu hiki kipimo kilishapita. Waliotutangulia walikuwa wakitoka wanatunong'oneza mlangoni, "andika imetulia". Nikaandika imetulia. Picha ilikuwa inazunguka mpaka meza inazunguka. Idara nzima tukatoka tuna afya njema ya akili, tukapewa soda.

Nipo Hapa

Mimi napingana kidogo na mwanzisha uzi. Kipindi nadaiwa kodi ya nyumba niliitazama ikawa inakwenda kasi, nilipolipa ikapungua. Huwezi kuniambia haina uhusiano.

Mchapaji wa Makoroboi

Mkuu, kupungua na kuongezeka kupo, hilo silikatai. Mwalimu kasema hapo juu: ukipepesa zaidi, ukirusharusha macho zaidi, inakwenda zaidi. Siku nyingine umeiangalia kwenye kioo chenye mwanga mkali, siku nyingine juani Buzuruga hata rangi huzioni vizuri. Mwanga wa skrini, ukubwa wa picha, umbali wa uso, vyote vinaingia. Kuruka kutoka hapo hadi "una msongo" ndiko ninakokataa, na aliyeichora naye kakataa. Kipimo ambacho karibu kila aliyekaa mbele yake anakutwa na msongo kinampima nani?

Mama Vitenge

Jamani kaka zangu, mie nashona hapa mjini, naomba niulize. Kuna kitambaa cha mistari myembamba myeusi na myeupe kiliwahi kuniletea kesi. Mteja alipokuja kuchukua gauni lake, mdogo wake akasema akilitazama anasikia kichefuchefu na mistari inapepea. Nikaona ananitafutia sababu asilipe. Mwenyewe nikishona kitambaa kile, nikifika kwenye pindo, sindano naiona iko sawa lakini kitambaa kinaelea chini yake. Ilibidi niweke karatasi nyeupe pande zote mbili za mguu wa cherehani nibakize kijia chembamba cha kuona. Ni kitu kilekile cha nyoka?

Mwalimu wa Nyegezi

Mama, ni ndugu yake, si yeye mwenyewe. Pale hakuna zamu ya rangi nne, kuna mistari mingi inayofanana na jicho lisilotulia. Na hilo la karatasi ulilifanya bila kufundishwa na mtu, ndilo dawa: ukipunguza eneo la mistari inayoingia machoni, kuelea kunapungua.

Huyo mdogo wa mteja usimshuku. Mistari iliyobanana yenye tofauti kali inasumbua watu wengi, hasa wenye kipandauso, na kuna wenye kifafa cha kuchochewa na mwanga ambao michoro ya namna hiyo inaweza kuwaletea degedege. Hata Kitaoka kaweka onyo kwenye tovuti yake kwamba ukisikia kizunguzungu uondoke kwenye ukurasa. Kwa hiyo na kwenye semina za watu, kugawa picha hizi bila kuuliza nani ana tatizo gani si jambo dogo.

Kwa upande wa vitambaa una wenzako wa zamani. Bridget Riley, mchoraji wa Uingereza, alikuwa akichora mistari na mawimbi meusi na meupe yanayotetemeka ukiyatazama. Mwaka 1965 kazi zake zilioneshwa New York katika jumba la makumbusho la MoMA, na haukupita muda michoro yake ikawa imechapwa kwenye vitambaa vya magauni bila ridhaa yake. Alichukia sana.

Kingine utakachokipenda ni mchoro wa Mjapani Hajime Ouchi wa mwaka 1977. Vijumba vyeusi na vyeupe vimelala, katikati kuna duara lenye vijumba hivyohivyo vimesimama. Tikisa karatasi kidogo, duara linang'oka na kuelea juu ya vingine. Jaribu kwa vipande viwili vya kitambaa cha drafti ndefu, kimoja ukilaze, kingine kata mviringo ukisimamishe juu yake.

Mama Vitenge

Nitajaribu, na nikipata mteja wa hicho namwekea bei ya juu.

Mvuvi wa Igombe

Mie hayo ya seli siyajui ila vitu vilivyotulia kutembea tunavijua majini tangu zamani, kabla ya WhatsApp.

Dagaa tunavua usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka tunapumzika. Zamani karabai, siku hizi taa za sola, zinaelea majini zinavuta dagaa. Sasa unakaa unasubiri. Ziwa limelala, hakuna upepo, mtumbwi hautikisiki. Ukiikazia macho taa moja ya mbali iliyo peke yake, au nyota moja chini karibu na maji, baada ya muda inaanza kuhama. Inapanda, inakaa, inakwenda kushoto, inarudi. Mmoja anasema yule anatufuata, mwingine anasema anaondoka. Vijana wageni ndio wa kwanza kutaja mashetani ya ziwa. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anasema usiitazame taa, itazame taa pamoja na pembe ya mtumbwi. Ukiiweka taa juu ya pembe ya mtumbwi hivi, inakaa pale pale. Hii nayo wazungu wameiandika?

Mwalimu wa Nyegezi

Wameiandika, mkuu, na mzee wako yuko sahihi. Alexander von Humboldt, Mjerumani msafiri, mwaka 1799 akiwa kisiwa cha Tenerife aliona nyota zinayumba akadhani ni nyota kweli. Baadaye ndipo ikajulikana kwamba kuyumba kuko kwa mtazamaji. Nukta moja ya mwanga kwenye giza tupu haina jirani wa kupimia, na jicho halitulii, kwa hiyo ubongo hauna uhakika kilichosogea ni jicho au ni taa. Pembe ya mtumbwi ndiyo jirani. Marubani wa usiku nao hufundishwa wasikodolee taa moja.

Hilo la kubishana ndani ya mtumbwi ndilo linalonifurahisha zaidi. Mwaka 1935 Muzafer Sherif, mwanasaikolojia wa Uturuki, alichapisha jaribio: watu kwenye chumba chenye giza, nukta moja ya mwanga isiyosogea hata kidogo, kila mtu aseme imesogea kiasi gani. Mtu akiwa peke yake alikuwa na jibu lake. Wakiwekwa pamoja, majibu yalianza kukaribiana mpaka kundi likawa na kipimo chake. Mnakubaliana umbali wa safari ambayo haikuwepo.

Mvuvi wa Igombe

Kwetu anayeshinda ni mwenye mtumbwi. Akisema inakuja, inakuja.

Abiria wa Kamanga

Nami nichangie. Tulikuwa kwenye kivuko, bado tumefunga kamba, pembeni kimesimama chombo kingine. Nimeegemea bomba nacheza na simu. Nikahisi tumeondoka, kinyumenyume, nikashika bomba kwa nguvu. Kumbe aliyeondoka ni jirani, sisi tuko palepale na mlango haujapandishwa. Dada mwenye beseni la ndizi akanicheka mpaka tukafika ng'ambo.

Mwalimu wa Nyegezi

Hiyo aliichunguza Karl Duncker, mwanasaikolojia Mjerumani, akaiandika mwaka 1929. Kikubwa kinachotuzunguka ubongo hukipa heshima ya kutulia, mwendo hukibebesha kilicho kidogo au wewe mwenyewe. Ndiyo maana mwezi unaonekana unakimbia mawinguni wakati wanaokimbia ni mawingu. Aliye mjini aende ufukweni siku yenye mawingu yanayokwenda kasi kutokea ziwani, alitazame Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani Mwanza, kwa juu, pale ncha inapokutana na anga. Linaanza kuinama kama linataka kuanguka. Mimi huwa nawapeleka wanafunzi pale, kuna wanaorudi nyuma hatua moja kabisa.

Kaka wa Igoma

Na ile ya kutazama maji yanayopita ubavuni mwa kivuko, halafu ukitazama sakafu inatambaa kwenda upande wa pili?

Mwalimu wa Nyegezi

Seli za upande mmoja zimechoka, za upande wa pili zinasikika peke yake. Robert Addams aliieleza mwaka 1834 kwenye maporomoko ya Foyers, Uskochi: alitazama maji yanayoshuka, akahamishia macho kwenye miamba ya pembeni, ikawa inapanda. Hii ni tofauti na nyoka kwa sababu inahitaji mwendo wa kweli kwanza.

Haijasogea

Swali la mwisho kwangu. Wanyama nao wanaona, au ni sisi tu wenye stresi?

Mwalimu wa Nyegezi

Samaki wanaona. Mwaka 2014 watafiti wa Italia waliwafundisha samaki wadogo wa kwenye matangi kutofautisha picha inayotembea na iliyotulia, kisha wakawawekea ile ya nyoka. Wakaichukulia kuwa ni ya kutembea. Hata programu ya kompyuta iliyofunzwa kukisia picha inayofuata ya video ilipopewa nyoka wa Kitaoka ilikisia kwamba wanazunguka. Hiyo ilichapishwa mwaka 2018.

Mvuvi wa Igombe

Sangara bado hajaulizwa.

Kaka wa Igoma

Mchapaji, wazo la biashara. Fulana zenye nyoka mgongoni. Msimu wa sikukuu hizo hazikai dukani.

Mchapaji wa Makoroboi

Nyoka wale wana mwenyewe, kaka, yasije yakatukuta ya mama Riley. Ila zamu ya rangi nne haina mwenyewe. Nimeanza kuchora yangu: badala ya nyoka nimepanga samaki aina ya sato kwenye miduara, magamba yao ndiyo yamebeba nyeusi, bluu, nyeupe, njano. Kwenye kompyuta wanaogelea vizuri. Kwenye fulana ya kwanza hawakusogea, kwa sababu nilitumia kitambaa cha njano na njano ya wino ikapotea mle. Kwenye nyeupe wamekaa sawa. Kifuani mchoro mdogo hausaidii, unatakiwa uwe mkubwa ushike mgongo mzima, na magamba yawe madogo madogo mengi.

Mama Vitenge

Ukipata wa kwenye khanga niambie, nikushonee.

Mjukuu wa Sengerema

Mgongo mzima saizi ya XL unafanya bei gani? Na ukichukua za idara nzima?